Mtetemo wa Kiti cha Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Gari halitetemeki. Niandike hilo kwanza kabla sijaandika kingine. Lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu, halijawahi kunilaza njiani, na halitetemeki.

Leo tumempeleka mama mkwe kliniki ya mgongo. Mama nyuma, katikati, mkono mmoja kiti changu, mkono mwingine kiti cha mke wangu. Mitaani shwari kabisa. Tulipoingia barabara kuu nikakanyaga mafuta kidogo, mara nasikia Mama ananiita, miguu yangu, miguu yangu, na sauti yake inakatikakatika. Nikamwuliza kama anasikia baridi. Mke wangu akanikata jicho.

Kurudi, vile vile. Nikasema ni barabara. Mke wangu akasema hii lami imemwagwa juzi tu. Nikasema basi ni lami.

Jioni Mama akatangaza, akiwa amelala chali kwenye kochi langu, kwamba daktari anamnyoosha asubuhi na mimi namkunja mchana. Safari ijayo atapanda kwa mwanawe. Huyo mwanawe ni shemeji yangu, tunamwita Meneja, ingawa hakuna aliyewahi kujua anameneji nini. Ana gari jipya. Viti bado vina nailoni. Anakataa kuitoa!

Mke wangu kalala kanigeuzia mgongo. Mgongo wake mzima, hana sababu ya daktari.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu kanitolea uvivu asubuhi, kabla hata ya chai.

Mambo yako hivi. Mama ameacha kuuza nafaka sokoni kwa sababu ya mgongo. Kwake ni mbali na kliniki, na anaishi peke yake; kwa sasa amefikia kwetu tu. Jumapili ya tarehe 23 familia inakutana kwa Meneja kuamua akae wapi: kwetu au kwa Meneja. Mke wangu anamtaka kwetu. Anasema kwa kaka yake Mama atapewa chumba cha kupigia pasi na ataambiwa asiguse kitu. Lakini Mama akikataa gari letu, mjadala umekwisha. Atakaaje kwa watu ambao kliniki anapelekwa na mtu mwingine?

Akaniuliza mimi nasemaje.

Nikasema nadhani ni matairi.

Akachukua kikombe changu akakiosha, na chai ilikuwa bado imo.

Tatizo la Mama na mimi halikuanzia kwenye gari. Mimi ni mkaguzi wa mizani. Nazunguka madukani na sokoni na mawe yangu ya chuma ya ofisi, kila jiwe kilo ishirini kamili, napima mizani za watu. Inayodanganya naigonga muhuri mwekundu. Na Mama ameuza maharage maisha yake yote. Siku binti yake aliponipeleka nyumbani kunitambulisha, Mama aliuliza kama wanaume wengine wamekwisha.

Alhamisi, 6 Machi

Gereji. Fundi wangu anaitwa Profesa. Jina kajipa mwenyewe. Kila sentensi inaanza na "kitaalamu". Kitaalamu kaa pale. Kitaalamu nipe hiyo spana. Ana miwani isiyo na vioo viwili, kimoja kipo.

Nikamweleza. Akalizunguka gari mara kadhaa bila kuligusa, akapiga teke tairi la nyuma, akasema matairi hayana balansi. Nilijua! Tukayapeleka kwenye mashine, yakazungushwa, yakabandikwa vipande vya risasi vya kusawazisha uzito. Nikaingia barabara kuu peke yangu. Gari limetulia kama maji ya mtungi. Nikaongeza. Limetulia. Nikapiga mluzi mpaka nyumbani.

Nikamwambia mke wangu kesi imefungwa. Akasema tutaona.

Sipendi anavyosema tutaona.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejitolea kumpeleka Mama kwa shoga yake. Kimbelembele changu mwenyewe.

Tulipofika barabara kuu nikasubiri kidogo, nikakanyaga. Shwari. Nikakanyaga tena — lo! Likaanza. Kioo cha kati kikawa kinanionyesha kina Mama watatu badala ya mmoja. Mama alisubiri mpaka tumefika, akashuka polepole, akaweka sawa nguo zake, ndipo akauliza yale matairi yaliyotengenezwa nimeyaacha nyumbani?

Na huko kwa shoga yake nani alikuwa amepaki nje? Meneja. Kapita tu kusalimu, eti. Akalizunguka gari langu ameweka mikono nyuma kama mgeni rasmi. Akasema, shemeji, haya magari ya zamani yalikuwa mazuri sana enzi zake. Nikacheka. Meno yaliniuma kwa kucheka.

Mama karudi naye.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda kwenye simu natazama video. Dunia imejaa wanaume waliolala chini ya magari ya zamani. Sikujua tuko wengi hivi. Wanaongea lugha ambazo sizijui, lakini akinyoosha kidole na kutikisa kichwa, namwelewa kabisa.

Nimegundua! Ekseli ya nyuma imeshikwa na mikono ya bati, inaizuia isiende mbele wala nyuma. Bati jembamba, limekunjwa tu, upande mmoja wazi. Na kwenye ncha zake kuna bushi za raba laini. Gari likichoka, mikono inapinda, raba inacheza, ekseli inayumba. Wanaume wa kwenye simu wanachomelea bamba upande ulio wazi, mkono unakuwa boksi, kisha wanaweka bushi ngumu. Mmoja alipomaliza aliubusu.

Kumbe ni nguvu. Gari limekosa nguvu nyuma!

Nikamweleza mke wangu. Nilichora na mchoro. Akaniuliza kama Mama atakaa kwenye huo mkono.

Jumatano, 12 Machi

Ruhusa kazini. Nimesema nina mgonjwa.

Profesa alipoona mchoro wangu alisema hilo wazo alikuwa nalo tangu siku ya kwanza, alitaka tu nilifikie mwenyewe. Tukaegesha gari juu ya stendi, mikono ikatoka. Kutu tupu. Akakata bamba, akachomelea, cheche zikaruka mpaka gereji ya jirani. Mafundi wa jirani wakaja na viti vyao. Mmoja anasema ni springi. Mwingine ni shokomzoba. Wa tatu akasema gari kama hili dawa yake ni kuliuza, akafukuzwa.

Zikaingia bushi mpya, ngumu kama kwato. Profesa akapaka mikono rangi nyeusi. Ilipendeza mno. Nilisikitika kwamba inakaa chini ambako haionekani, na nilipofika nyumbani nikamwomba mke wangu ainame aione. Aliinama. Akasema ni myeusi.

Ijumaa, 14 Machi

Aibu.

Kliniki tena. Mke wangu kambembeleza Mama jana usiku kucha ampe mkwe nafasi moja ya mwisho. Akakubali. Akapanda. Mimi natabasamu tangu getini.

Barabara kuu. Spidi ile ile. Sasa hata haikuanza kwa adabu! Zamani ilikuwa inanguruma kwa mbali. Leo imekuja mzimamzima. Vifungo vya shati langu navisikia. Dashibodi inapiga makofi. Mama ameshika taya kwa mikono miwili kuzuia meno yake ya bandia. Mke wangu akaanza kucheka, nikafurahi, nikadhani tumevuka. Kumbe alikuwa analia.

Nikaenda kwa Profesa nimevimba. Hakushtuka hata kidogo. Kitaalamu, anasema, hii ni habari njema: zile raba laini zilikuwa zinameza mtetemo, sasa hakuna wa kuumeza, gari linasema ukweli. Nikamwambia mimi sikulipia ukweli. Akasema hilo ni la bure.

Meneja kampigia dada yake simu. Kasema chumba kiko tayari, ametoa na ubao wa pasi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamka na akili yangu. Mimi ni mtu wa vipimo, kwa nini nafanya kazi kwa kukisia?

Nikaenda barabara kuu peke yangu. Hakuna mtetemo. Nikarudi nikamchukua mke wangu, kwa shida, akiwa na taulo kichwani. Hakuna. Nikaweka mifuko ya mchanga kwenye buti. Ukaja kidogo, wa aibu-aibu, ukaondoka. Matairi ni yale yale, mikono ni ile ile, barabara ni ile ile. Kilichokosekana ni kimoja tu.

Kalamu inasita kuandika. Linatetemeka Mama akiwemo.

Nikampelekea Profesa matokeo. Akavua miwani, akafikiri, akauliza mbele ya gereji nzima: mama mkwe ana kilo ngapi?

Nikamwambia ashushe sauti.

Akasema bila uzito ule pale kwenye kiti hawezi kutafuta ugonjwa. Basi nimlete Mama, akae nyuma, waende naye na kurudi, waende na kurudi, mpaka wajue. Yaani nikamwambie mkwe wangu, mwenye mgongo, naomba nikutumie kama jiwe la mizani! Nikamwambia Profesa yeye hana wakwe ndiyo maana anaongea hivyo. Akasema anao, seti mbili.

Jumatatu, 17 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianze na furaha, kwa kuwa ilitangulia.

Asubuhi nilichukua mawe ofisini. Nikamwambia mtunza stoo nina ukaguzi wa nje. Si uongo, nilikuwa nje na nilikagua. Nikayapanga kwenye kiti cha nyuma, katikati kabisa, mawili chini, mawili juu. Yasiharibu kitambaa nikayafunika kwa shuka iliyokuwa kwenye gari. Yasiruke nikayafunga mkanda. Nilikisia uzito kwa jicho. Miaka yangu yote kazini, jicho langu lina thamani yake.

Profesa akakaa nyuma pembeni ya mawe. Tukatoka. Barabara kuu, spidi ile — likaanza! Sijawahi kufurahia jambo baya namna hii. Nilipiga kelele. Profesa akaniambia toa mguu kwenye mafuta. Nikatoa: kimya, na bado gari linakwenda kasi ile ile. Kanyaga: likaanza. Toa: kimya. Matairi yangekuwa na kosa yangetetemeka hata bila mafuta. Akavua kiatu, akaweka unyayo kwenye ile nundu ya sakafuni, akasema iko hapa, chini ya miguu.

Na Mama siku zote anasema nini? Miguu yangu, miguu yangu. Sisi tukadhani ni uzee.

Ni hivi. Chini ya ile nundu kuna shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini nyuma. Katikati yake imeshikwa na beringi iliyokaa ndani ya raba. Raba yetu imekufa. Gari likiwa tupu, shafti imenyooka, inavumilia. Mtu akikaa nyuma, springi zetu zilizochoka zinalala, ekseli inainua pua, shafti inakunjika pale kwenye maungio, ukikanyaga mafuta inacheza ngoma. Mikono ya nyuma haikuwa na hatia yoyote. Nimeitia nguvu, nimeipaka rangi, nimeichomelea mabamba, kumbe masikini haikuwepo hata eneo la tukio.

Sasa huzuni. Nilirudi nyumbani na furaha yangu, nikaingia kunawa. Mke wangu akatoka kuchukua kapu lake kwenye gari.

Nilipokumbuka nilikimbia na sabuni mikononi. Alikuwa amesimama, mlango wa nyuma wazi. Shuka ameshainua. Ilikuwa shuka ya Mama, ile ya maua, aliisahau Ijumaa. Mawe manne yamekaa pale katikati, mkanda kifuani.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Nikaanza kueleza shafti. Nikafika kwenye beringi. Akarudisha shuka taratibu, akaifungafunga vizuri kama anavyomfunika mwenyewe, akaingia ndani. Hajanisemesha mpaka sasa naandika.

Jumanne, 18 Machi

Amemwambia Mama. Nilijua atamwambia.

Nimerudi kazini nimekuta Mama kakaa barazani ananisubiri, fimbo kati ya magoti. Mawe bado yamo garini, yana uzito, sikuwa na moyo wa kuyahamisha. Akasema twende. Nikamfuata nyuma kwenye gari langu mwenyewe kama mtuhumiwa. Akafungua mlango, akaondoa shuka, akayatazama mawe. Akagonga la juu kwa fimbo. Akauliza kila moja kilo ngapi. Nikamwambia. Nilimwona midomo inahesabu. Alihesabu maharage maisha yake yote, hakuchelewa.

Akanigeukia. Nilikuwa tayari kwa lolote. Nilikuwa tayari hata kwa fimbo.

"Umenipunja," akasema.

Sikuelewa.

"Kliniki wamenipima juzi. Ongeza jiwe. Na mkaguzi mzima!"

Akacheka. Akacheka mpaka akajishika mgongo, nami nikamshika mkono asianguke, na sijui lini mara ya mwisho nimemshika mkono mama huyu, labda siku ya harusi. Akasema katika miaka yake yote sokoni hajawahi kumkamata mkaguzi, na leo kamkamata mmoja ndani ya nyumba. Alitaka kujua muhuri mwekundu uko wapi, anigonge usoni.

Mke wangu alikuwa dirishani. Alijifanya anafuta kioo. Nimepewa chai, imejaa.

Alhamisi, 20 Machi

Mama kaja gereji! Kasema mwenyewe. Kama uzito unatakiwa, uzito halisi upo, mawe ya serikali yarudi kwa serikali.

Gari liliwekwa juu ya shimo, matairi yamekanyaga chini ili liinamie kama linavyoinama barabarani. Mama juu, kiti cha nyuma, soda mkononi. Profesa chini shimoni anapima mkunjo wa shafti kwa pimamaji ya seremala. Mimi pembeni na tochi. Profesa anaita: Mama sogea kushoto. Mama anasogea. Mama rudi katikati. Anarudi. Baada ya muda Mama ndiye anayetoa amri: nyie huko chini, hiyo bolti mmeikaza? Mafundi wa jirani wakaja na viti vyao tena. Mmoja akamletea mto.

Beringi ya zamani ilipotoka Profesa aliinyanyua juu wote waone. Raba imepasuka inaning'inia. Kasema alishaijua tangu siku ya kwanza. Tumeweka mpya, tumebadilisha na maungio ya shafti, vikawekwa vibati vyembamba kuishusha beringi kidogo, springi mpya nyuma. Mikono yangu myeusi imebaki. Haina kazi yoyote lakini ni imara.

Tulikaa pale mchana mzima. Mama alikuwa na maneno. Kasema wakaguzi wote wanakosea kitu kimoja: wanapima kilo, hawapimi lile konzi la mwisho, lile la kumwongezea mteja baada ya mizani kutulia. Yeye mizani yake ilikuwa inapunja kidogo, ndiyo, leo anakiri, lakini konzi lake lilikuwa kubwa. Nikamwambia hiyo sheria hairuhusu. Akasema ndiyo maana mna nyuso hizo.

Nilicheka. Nimejikuta nimezoea ile sauti juu ya kichwa changu. Alisema na kitu kuhusu kwake, sijui jirani yake, sijui mlango unaobana wakati wa mvua. Sikukishika vizuri. Nilikuwa natazama bolti.

Jumamosi, 22 Machi

Jaribio la mwisho. Mama, mke wangu, mimi. Barabara kuu, spidi ile, nikaipita, nikazidi.

Hakuna. Hakuna kitu! Mama aliweka soda yake juu ya goti, bila kuishika.

Nimemwambia mke wangu kesho tunakwenda kwa Meneja kichwa juu. Mama hana tena tatizo na gari letu, kliniki tutampeleka sisi, hana pa kusemea. Mke wangu kasema ni kweli. Kisha kakaa kitandani anakunja nguo iliyokwisha kukunjwa, akasema Mama alimuuliza jana kama mimi namtaka hapa, naye akamjibu, Mama huoni jinsi anavyohangaika na gari?

Nikasema jibu zuri hilo.

Akasema, ndiyo, ndilo nililokuwa nalo.

Jumapili, 23 Machi

Naandika nimesimama, daftari juu ya buti, pembeni ya barabara kuu. Huwa nalibeba kwenye gari siku hizi kwa ajili ya kuandika spidi.

Tulitoka mapema. Meneja alikuja kutuchukua — hakuamini kama tutafika — akakataliwa, basi anatufuata nyuma na gari lake la nailoni. Mama kavaa vizuri. Gari linakwenda, sijui niseme nini, linateleza. Nilikuwa nasubiri kusifiwa. Nimesubiri mpaka tumepita njia panda.

Kumbe sijawahi kuendesha gari hili na Mama ndani likiwa kimya. Siku zote kulikuwa na kitu cha kulaumu, kila mtu ameshika kitu, kila mtu ana la kusema kuhusu mtetemo. Leo hakuna. Nasikia mkufu wa mke wangu ukigonga kifungo. Namsikia Mama anavyopumua.

Akasema, bila hasira kabisa:

"Mkwe. Binti yangu nimemsikia. Mwanangu nimemsikia, amenitolea na ubao wa pasi. Wewe sijakusikia. Huko tunakokwenda watasema wao, na mimi nitakubali, nimechoka. Lakini nataka kujua kwako. Gari limepona. Sasa wewe, unanitaka?"

Mke wangu hakugeuka. Alitazama mbele, mikono mapajani, na nilijua hatanisaidia. Hili alikuwa analisubiri kwa muda mrefu kuliko Mama.

Nilifungua mdomo.

Nikasema, mmesikia? Kuna mtetemo.

Nikasema tena, uko nyuma, kushoto, lazima nisimame. Nikawasha taa za pembeni, nikaliegesha. Meneja naye kaegesha nyuma yetu, kafungua dirisha, sasa anatabasamu. Nimeshalala chini ya gari na suruali ya kutokea. Nimeigusa mikono myeusi. Nimegusa bolti zote. Hakuna kilicholegea. Kila kitu kimekazwa sana chini ya gari hili.

Namtaka. Nadhani namtaka. Alhamisi pale shimoni nilimtaka bila hata kufikiri. Lakini ni kila siku, ni mpaka mwisho, ni kochi langu, ni yeye na mke wangu wakinitazama nikila. Na akija kufia kwangu? Na akijua kwamba nilisita? Sasa ameshajua. Nilitakiwa kusema neno moja, lina silabi chache kuliko beringi. Mimi wiki zote hizi nilidhani nalisema.

Kupitia kioo cha nyuma naona kisogo chake. Hajageuka. Amekaa katikati, wima, kama alivyoagizwa na daktari.

Mlango wa mbele umefunguka. Mke wangu ameshuka, anakuja huku. Hajaufunga. Amefika. Ameweka kiganja chake juu ya buti, karibu na daftari, injini bado inawaka. Ametulia hivyo, anasikiliza kwa mkono.

Ameuliza mtetemo uko wapi.

Nimemwambia ngoja kwanza, namalizia kuandika spidi.